Msitu wa Chakula: Jinja na Mbale Zinatufundisha Nini Sisi Tusio na Ardhi

Wiki hii hatuandiki habari za mgao wala za mpira. Tunaandika historia, tena historia ya shamba.

Kuna swali moja ambalo sisi vijana wa kujitolea tunaulizwa kila tukipita nyumba kwa nyumba na miche: "Nipande mwembe wa nini? Utazaa lini, na mimi nitakuwa wapi?" Anayeuliza si mvivu. Ukiangalia kiwanja chake, mahindi na maharage yamejaa mpaka mlangoni, na palizi ni safi. Anachokataa ni mti tu. Mahindi yanampa posho ndani ya miezi minne, lakini mti unamdai miaka. Na mtu aliyekwisha kukimbia mara moja, wengine mara mbili, anajua kuhesabu miaka kuliko afisa kilimo yeyote.

Swali kama hilo hulijibu kwa hotuba. Tumelitafutia jibu mashariki ya Uganda, Jinja na Mbale, kwa sababu mbili. Kwanza, huko watu wameishi ndani ya misitu ya chakula kwa vizazi vingi, kabla jina hilo halijaanza kutajwa kwenye semina. Pili, historia ya huko imeungana na yetu. Maji ya mto Nile yanayopita Karuma hapa juu yanatoka Jinja. Na majirani zetu wa Panyadoli, wale waliohamishwa kutoka Bududa baada ya maporomoko ya 2010, ni Wagisu wa upande wa Mbale.

Shamba lenye ghorofa

Msitu wa chakula ni shamba linalozunguka nyumba, lililopangwa kwa ghorofa kama msitu unavyojipanga wenyewe. Kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ambao Wagisu wanauita Masaba, utaona hivi. Juu kabisa kuna miti mikubwa ya kivuli, kama mringaringa, mtuba na ule ambao Waganda wanauita mugavu. Chini yake migomba. Chini ya migomba, kahawa. Chini ya kahawa, maharage na magimbi, maboga yanatambaa, viazi vikuu vinapanda juu ya mti. Ng'ombe mmoja au mbuzi wawili wamefungwa karibu na nyumba, na samadi yao inaenda kwenye mashina ya migomba. Majani yanaanguka, yanaoza, yanakuwa mbolea. Mizizi inashika udongo ili mvua isiuteremshe bondeni. Kila ghorofa ina kazi yake, na kila mwezi kuna kitu cha kupeleka jikoni.

Sasa angalia jambo moja. Karibu kila mmea unaotulisha katika shamba hilo ulifika kutoka mbali. Ndizi zilitoka Asia ya Kusini-Mashariki, zikaingia Afrika zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na magimbi yalipita njia hiyo hiyo. Mahindi, maharage, mihogo, viazi vitamu, mapapai na parachichi, ambalo Wakongo wengi tunaliita avoka, vilivuka bahari kutoka Amerika baada ya 1492. Fenesi, tunda ambalo leo usingeweza kuwaza Busoga bila yake, asili yake ni India. Kahawa ya arabika inatoka Ethiopia. Mringaringa ndio mwenyeji, umesimama juu unawapa wengine kivuli. Hakuna anayeuliza ndizi kitambulisho. Ilikaa, ikalisha watu, ikahesabiwa kuwa ya nyumbani.

Mbale: kahawa chini ya migomba

Mji wa Mbale si mkongwe sana. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyekuwa akishirikiana na Waingereza, aliweka makao yake hapo mwanzoni mwa miaka ya 1900, na mji ukakua kutoka hapo. Lakini mlimani Wagisu walikuwa tayari na migomba yao.

Utawala mpya ulikuja na kodi, na kodi ilitaka pesa. Mwaka 1912 hivi, kahawa ya arabika ikaanza kupandwa Bugisu. Serikali ilitaka kahawa. Mkulima alitaka chakula kwanza. Ardhi ya mlimani ni ndogo, huwezi kutenga huku kahawa na kule ndizi. Basi kahawa ikapandwa kati ya migomba. Kahawa ikaingia kama mpangaji, migomba ikabaki mwenye nyumba. Bahati nzuri arabika ni mmea wa asili ya msituni, kivuli haiogopi. Mwaka 1954 wakulima wakawa na chama chao kikuu cha ushirika, Bugisu Cooperative Union, ili kahawa yao iuzwe kwa mikono yao wenyewe.

Ubora wa mpangilio huu ulionekana siku za shida. Mwaka 1975 baridi kali iliua mikahawa mingi Brazil, na mwaka uliofuata bei ya kahawa duniani ikapaa. Lakini Uganda ilikuwa chini ya Idi Amin, na mkulima alilipwa kidogo sana na serikali. Ndipo ikaanza ile biashara ya magendo: kahawa ilivushwa usiku hadi Chepkube, upande wa Kenya, kwa punda na kwa vichwa vya watu. Wengine walitajirika, wengine walikamatwa. Kwa familia iliyobaki mlimani, kahawa ilikuwa kama bahati nasibu, lakini mgomba ulikuwa pale pale nyuma ya nyumba. Angekuwa amefyeka migomba yote apande kahawa tupu, angekula nini mwaka ule?

Kwa nini mashamba haya yalidumu? Elimu ya miti ni sehemu tu ya jibu. Sehemu kubwa zaidi ni urithi. Kwa Wagisu, kijana anapita kwenye imbalu, tohara inayofanyika miaka isiyo witiri, na ufunguzi wake unafanywa pale Mutoto nje kidogo ya Mbale. Akishatahiriwa ni mwanaume kamili, na anaweza kumdai baba yake kipande cha ardhi. Anapopewa kipande, anapewa pamoja na migomba na miti iliyomo. Naye anajua kuwa mwanawe atakuja kudai vile vile. Mtu wa namna hiyo akipanda mti wa miaka hamsini hafanyi ajabu. Anamwekea mtu anayemjua.

Tusipambe mambo. Urithi huo una upande mwingine: kila kizazi kinagawa, na vipande vinazidi kuwa vidogo. Na mabinti, ambao ndio wanaopalilia na kupika, kwa desturi hawakuhesabiwa katika mgawo. Lakini somo linabaki. Mti ulipandwa na mtu aliyekuwa na uhakika wa kubaki.

Jinja: watu walipoondolewa

Ukitoka Mbale kwa barabara ya Tirinyi, unafika Iganga, halafu unaingia Jinja. Njiani mandhari inabadilika. Karibu na Jinja unakutana na miwa, miwa, miwa. Haikuwa hivyo tangu zamani.

Kabla ya 1900, ukanda wa ziwa kusini mwa Busoga ulikuwa na watu wengi, na migomba ilikuwa imezunguka nyumba. Waganda na Wasoga wana neno lao la shamba la namna hiyo: lusuku. Kisha ukaja ugonjwa wa malale, unaoenezwa na mbung'o. Kuanzia 1900 hivi, kwa miaka michache tu, inakadiriwa ulichukua roho zaidi ya 200,000 nchini Uganda, na Busoga ilikuwa kati ya sehemu zilizoumia zaidi. Gavana Hesketh Bell akaamuru watu waondolewe kwenye ukanda wa maili mbili kutoka ufukweni, baadaye na visiwani pia. Sababu ya kitabibu ilikuwepo, hilo hatubishi. Lakini fikiria upande wa anayehamishwa. Ng'ombe anatembea, mkeka unabebwa kichwani, mbegu za maharage zinafungwa kwenye kitambaa. Mgomba wa miaka ishirini unaubebaje? Wenyeji wa ufukweni walifika sehemu za bara mikono mitupu, na mwaka 1908 njaa kubwa ikaipiga Busoga.

Na kule walikotoka? Migomba ilimezwa na kichaka, wanyama wa porini wakaingia. Sehemu ya ardhi ile baadaye ikatangazwa kuwa hifadhi ya msitu, Hifadhi ya Kusini mwa Busoga. Kwa hiyo msitu ulipatikana, lakini haukuwa tena wa chakula. Miongo mingi ilipita kabla watu hawajaanza kurudi.

Waliobaki bara wakakutana na pamba. Mbegu zilianza kugawiwa Uganda kati ya 1903 na 1904, na machifu wakapewa kazi ya kuhakikisha watu wanazipanda. Mwaka 1912 reli ikajengwa kutoka Jinja hadi Namasagali ili kusafirisha mizigo, pamba ikiwemo. Pamba si kahawa. Pamba haipendi kivuli, inataka jua la uwazi. Kwa hiyo kila ekari ya pamba ilikuwa ekari isiyo na mti. Kisha mwaka 1930 Muljibhai Madhvani akafungua kiwanda cha sukari Kakira, kilomita chache kutoka Jinja. Muwa nao ni kama pamba, hautaki kushirikiana na mtu. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls likafunguliwa, umeme ukaleta viwanda, na vijana wengi wakaacha jembe wakafuata mshahara mjini.

Halafu mwaka 1972 Amin akawafukuza Waasia, na uchumi wa Jinja ukaanguka. Hapa kuna kisa ambacho wengi hatukifahamu. Bei zilipokufa, mashamba ya kahawa na pamba yaliachwa. Mmea wa lantana ukajaza mashamba hayo, ukawa kichaka kizito karibu na nyumba, na mbung'o akapata makao mapya. Kuanzia 1976 malale yakarudi Busoga, yakaua tena. Shamba la miti lililotunzwa linalisha watu. Likiachwa, linaweza kuwa nyumba ya ugonjwa. Ndiyo maana hatupendi kuambiwa kwamba msitu wa chakula "unajiendesha wenyewe". Haujiendeshi. Unahitaji panga, unahitaji jicho, unahitaji mtu aliyepo.

Leo wakulima wengi wadogo wa Busoga wanalima miwa ya kuuzia viwanda. Hatuwalaumu. Muwa unaleta pesa kwa mkupuo: ada ya shule, bati za nyumba. Lakini unasubiri mwaka mmoja na nusu hivi, na wakati unasubiri, chakula unanunua. Wengine hukodisha ardhi yote kwa miaka mpaka kwenye ukuta wa jikoni. Pesa ikiisha kabla ya muda wa mkataba, mtu anakuwa na ardhi ambayo hawezi kuila. Sisi wa kambini hali hiyo tunaijua, hata kama hatujawahi kulima muwa.

Miti ya nani?

Turudi Mlima Elgon kwa kisa kimoja kinachojibu swali letu moja kwa moja. Mwaka 1993 mlima ulifanywa Hifadhi ya Taifa, na familia zilizokuwa ndani ya mpaka zikaondolewa. Mwaka uliofuata shirika la Kiholanzi la FACE, pamoja na mamlaka ya hifadhi, likaanza kupanda miti kwenye ukanda wa mpakani. Lengo lilikuwa miti ifyonze hewa chafu inayotoka viwandani Ulaya. Miti mingi ilipandwa, tena ya asili, na kitaalamu kazi ilikuwa nzuri. Lakini ilipandwa mahali ambapo watu walikuwa bado wanadai mashamba yao. Ikawa ugomvi na askari wa hifadhi, ikawa mahakamani, na mwishowe sehemu kubwa ya miti hiyo ilikatwa na wananchi, wakapanda mahindi na maharage.

Weka kando ya hicho kisa cha pili. Kuanzia 2010, programu ya miti ya Mbale, ikisaidiwa kutoka Wales, imegawa miche bure kwa wakulima. Mkulima anachukua mche wa kivuli cha kahawa, wa matunda au wa kuni, anaupanda kwake. Kufikia 2019 walikuwa wamegawa zaidi ya milioni kumi. Mlima ni ule ule, udongo ni ule ule. Tofauti ni kwamba mti wa pili una mwenyewe, na huyo mwenyewe atakula tunda lake.

Na haraka ya kupanda si ya bure. Tarehe 1 Machi 2010, baada ya mvua ndefu, mlima ulishuka juu ya kijiji cha Nametsi, Bududa. Zaidi ya watu 300 wanakadiriwa kufa. Oktoba 2018 ukashuka tena Bukalasi. Mizizi inapunguza hatari hiyo, ingawa kwenye mteremko mkali sana hata miti haitoshi, na mtu anabidi ahame. Ndivyo Wagisu wa Bududa walivyofika hapa jirani yetu. Walitoka mlimani kwenye ubaridi, wakaja tambarare kwenye jua kali, mahali ambapo arabika haiwezi kustawi. Raia wa nchi hii hii, nao wakaanza upya na shamba tupu.

Sasa nipande au nisipande?

Ndugu, historia hii imetufundisha kwamba yule mama anayeuliza "nitakuwa wapi?" ameuliza swali sahihi kabisa. Ni lile lile ambalo Msoga wa ufukweni angeuliza kama angejua kinachokuja. Msitu wa chakula unakua pale mtu ana uhakika wa kubaki, au ana mtu wa kumwachia. Kwa hiyo anayegawa miche bila kuzungumza habari ya ardhi amefanya nusu ya kazi.

Kwetu hali ikoje? Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 na kanuni zake za 2010 zinatupa haki ya kutumia ardhi tuliyopangiwa. Hazitupi haki ya kuiuza wala kuikodisha. Ni haki yenye mipaka, lakini ni haki. Kwa hiyo kabla ya kuchimba shimo la mti wa miaka mingi, ongea na viongozi wa kizuizi chako na ofisi inayosimamia makazi. Na kama unalima kwa mwenyeji nje ya kiwanja chako, muandikishane mbele ya mashahidi: ukiondoka, matunda ni ya nani? Ukimya ndio unaoleta panga usiku.

Halafu panga kwa muda, kama Wagisu walivyopanga kwa urefu. Kiwanja cha mita 30 kwa 30, kama vile vya makazi ya West Nile, kinatosha kuanza.

Weka kwanza mimea ya miezi: maharage, dodo, maboga, viazi vitamu. Hiyo inakulisha msimu huu huu. Katikati yake weka mbaazi, ambazo zinakaa zaidi ya msimu mmoja na zinarutubisha udongo. Karibu na mahali unapomwaga maji ya kuogea, weka mpapai na migomba miwili mitatu, nafasi ya mita tatu kati ya shina na shina, na samadi ya kutosha shimoni. Papai litakupa ndani ya mwaka mmoja hivi, ndizi ndani ya mwaka mmoja na nusu hivi. Mwisho, pembeni, mahali ambapo kivuli hakitaua mboga, weka mti mmoja wa miaka: mwembe au mparachichi uliobebeshwa, unaoweza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, au mfenesi. Mmoja tu. Ukiondoka baada ya mwaka, umekula. Ukiondoka baada ya miaka mitatu, umekula zaidi. Usipoondoka kabisa, na wengi wetu walisema "miezi sita tu" na leo watoto wao wako sekondari, utakuwa na kivuli cha kukalia.

Usitegemee mmea mmoja. Mwaka 2001 ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulionekana Mukono, ng'ambo ya mto kutoka Jinja, ukaenea mashamba mengi ya Uganda. Aliyekuwa na ndizi tupu alilia. Aliyekuwa na ghorofa zote aliumia kidogo.

Jambo la mwisho. Watu wa ufukweni wa Busoga hawakuweza kubeba migomba yao, lakini ujuzi wa lusuku walikuwa nao kichwani. Wazee wetu hapa kambini nao wanao. Kuna mzee wa Masisi anayejua ni mti gani unakaa vizuri na ndizi na upi unaigombanisha. Kuna mama wa Yei anayejua mwembe gani unavumilia ukame. Wakiondoka kabla hatujawauliza, tumepoteza shamba ambalo lingeweza kuvuka mpaka wowote bila kibali.

Basi kazi ya wiki hii ni hii. Kaa na mzee mmoja wa kwenu, umuulize: kuzunguka nyumba yenu kulikuwa na nini, kuanzia mti mrefu mpaka mboga ya chini? Nani aliupanda, na nani alikuja kula? Andika majina kwa lugha ya kwenu, utuletee. Tutayakusanya yote, na miche ya msimu ujao tutaichagua kutoka kwenye orodha hiyo.

Sisi vijana wenzenu wa kujitolea, Kiryandongo.